Gari-nyumba na Kifaa cha Kuongoza Njia: Vipimo Kwanza, Kioo Baadaye

Sehemu ya Pili

Mjini Durham, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kuna daraja la reli lililopata umaarufu wa dunia nzima kwa sababu ya ufupi wake. Kwa miaka mingi nafasi iliyokuwepo kati ya lami na chuma cha daraja hilo ilikuwa futi 11 na inchi 8, sawa na mita 3.56. Tangu 2008 kamera zilizotegwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi jirani zimenasa lori moja baada ya jingine likichunwa paa, na magari-nyumba yakiachwa bila viyoyozi kwa kufumba na kufumbua. Vibao vya onyo vilikuwepo. Taa za onyo zilikuwepo. Oktoba 2019 daraja likainuliwa hadi futi 12 na inchi 4, yaani mita 3.76, na bado likaendelea kugongwa.

Wengi wa waliokwama pale walikuwa na malori ya kukodi, na hilo halishangazi. Mtu aliyezoea gari dogo hajawahi kuhitaji kujua kimo cha gari lake. Anapokabidhiwa funguo za gari ambalo paa lake liko mita tatu kutoka ardhini, mazoea yake ya zamani humfuata mpaka kwenye usukani. Na kama kifaa cha kuongoza njia kilicho mbele yake kimetengenezwa kwa ajili ya magari madogo, nacho hakina habari yoyote ya paa hilo.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu gari-nyumba lenyewe: gari lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambalo familia husafiri nalo mchana na kulala ndani yake usiku. Leo ni zamu ya kifaa kinacholiongoza. Mifano mingi inatoka Uingereza na bara la Ulaya, kwa kuwa huko safari za aina hii zina mizizi mirefu. Chama cha wapiga kambi kinachoitwa leo Camping and Caravanning Club kilianza Uingereza 1901, na kile cha wenye karavani, yaani nyumba za magurudumu zinazovutwa, kikafuata 1907, wakati karavani zenyewe zilikuwa bado zikivutwa na farasi. Ndiko pia msomaji anayeishi ughaibuni anakoweza kukodi gari-nyumba kwa wiki moja watoto wanapofunga shule.

Setilaiti ni zilezile

Mfumo wa GPS ulibuniwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kukamilika 1995. Kila setilaiti huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, ikiwa na saa ya atomiki, na kazi yake ni kutangaza bila kupumzika sasa ni saa ngapi na yenyewe iko wapi. Kifaa kilichoko garini hakirushi chochote kwenda kwenye setilaiti, kinasikiliza tu. Hupima tangazo limechukua muda gani kufika, hugeuza muda huo kuwa umbali, na kikishapata setilaiti nne huweza kukokotoa mahali kilipo na kurekebisha saa yake yenyewe. Mawimbi hayo husafiri kilomita laki tatu kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde hulipeleka gari mita 300 pembeni.

Raia waliupata mfumo huu kwa njia ya msiba. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotoka kwenye njia yake ikaingia anga ya Umoja wa Kisovieti, ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwemo wakafa. Rais Ronald Reagan akaahidi kwamba GPS itakapokuwa tayari, raia nao wataruhusiwa kuitumia. Hata hivyo jeshi la Marekani liliendelea kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya kiraia, mpaka Mei 2000 Rais Bill Clinton alipoamuru yaachwe safi. Kwa usiku mmoja kosa lililoweza kufika mita 100 likashuka hadi mita 20 au pungufu. Hapo ndipo biashara ya vifaa vya magari iliponawiri, ikiongozwa na Garmin, kampuni iliyoanzishwa Marekani 1989 na Gary Burrell na Min Kao, pamoja na TomTom ya Amsterdam, iliyoanza 1991.

Leo iko pia mifumo ya Galileo ya Umoja wa Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya Uchina, na karibu kila kifaa kipya husikiliza zaidi ya mmoja. Kwa hiyo muuzaji anayesifia wingi wa setilaiti anasifia kitu ambacho hata simu ya kawaida inacho. Setilaiti humwezesha dereva kujua alipo, basi. Haijui kama hapo alipo ni barabara, shamba au ukingo wa ziwa, wala haijui kwamba mbele kuna daraja fupi. Hayo yote yamo kwenye ramani iliyohifadhiwa ndani ya kifaa.

Na ramani za barabara za Ulaya na Marekani hutoka kwa kampuni chache. Mojawapo ni HERE, iliyotokana na Navteq na ambayo mwaka 2015 ilinunuliwa na watengenezaji magari Audi, BMW na Daimler. Nyingine ni TomTom yenyewe, iliyoinunua kampuni ya ramani ya Tele Atlas 2008. Kila kipande cha barabara kwenye ramani za namna hii hubeba maelezo yake: jina, mwelekeo, kikomo cha mwendo. Ramani zilizoandaliwa kwa ajili ya magari makubwa huongeza tabaka jingine la maelezo: kimo cha madaraja, upana unaoruhusiwa, kikomo cha uzito, urefu wa gari unaokubalika. Kifaa cha gari dogo kwa kawaida huuzwa bila tabaka hilo. Anayechagua kifaa cha gari-nyumba, basi, ananunua tabaka hilo la maelezo, na swali la kwanza dukani ni kama kifaa kitamuuliza vipimo vya gari lake na kuvitumia kila kinapopanga njia.

Kupima kabla ya kununua

Kifaa bora kuliko vyote kikipewa kimo cha uongo kitaongoza gari kwa uongo huohuo. Kitabu cha gari hueleza kimo lilichotoka nacho kiwandani. Baada ya hapo mwenye gari huongeza paneli za sola, dishi la televisheni, kiyoyozi, sanduku la mizigo, na hakuna anayerudi kukisahihisha kitabu. Njia ya uhakika ni kupima upya. Gari liegeshwe mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wake kamili. Ubao mnyoofu ulazwe juu ya kitu kilichopanda kuliko vyote paani, utokeze nje ya ubavu wa gari, ulinganishwe kwa pima maji, kisha utepe ushuke kutoka ncha ya ubao hadi ardhini. Sentimita tano hadi kumi ziongezwe kwa usalama. Fundi nguo hakati kitambaa kwa kukisia mabega ya mteja, na dereva naye asikisie paa.

Uingereza ina usumbufu wa ziada, kwa kuwa vibao vyake vya madaraja vimezoea futi na inchi ilhali magari mengi yanayotoka bara la Ulaya huandikiwa mita. Futi 10 ni mita 3.05. Futi 9 na inchi 9 ni mita 2.97. Gari la mita 3 kamili litapita chini ya daraja la kwanza kwa nafasi ya sentimita tano, na litaligonga la pili. Tofauti ya inchi tatu ndiyo yote iliyopo kati ya likizo na simu kwa kampuni ya bima.

Hatari hiyo ni ya kweli. Shirika la Network Rail, linalosimamia njia za reli za Uingereza, hurekodi zaidi ya matukio elfu moja kila mwaka ya magari kugonga madaraja yake. Mfano unaotajwa sana ni daraja la Stuntney Road mjini Ely, Cambridgeshire, lenye nafasi ya futi 9 tu, karibu mita 2.7. Magari-nyumba mengi yana paa la mita 2.8 hadi 3.1, hivyo mahali pale hapapitiki kabisa. Mwishoni mwa 2018 ilifunguliwa barabara mpya ya mchepuko kusini mwa mji ili magari makubwa yasiwe na sababu ya kulikaribia daraja, lakini liliendelea kugongwa. Dereva anayetembea na ramani iliyotengenezwa kabla ya mwaka huo haoni mchepuko huo kwenye kioo chake.

Upana nao una mitego yake. Huko Watford, kaskazini mwa London, barabara ya Woodmere Avenue imesimikwa nguzo zinazoacha nafasi ya futi 7, mita 2.13, na picha za magari madogo yaliyojigonga hapo zimesambaa miaka nenda miaka rudi. Gari-nyumba kubwa huwa na mwili wa mita 2.3 hivi, kabla ya kuhesabu vioo vya pembeni. Kwa hiyo kipimo cha upana ni viwili: cha mwili, na cha kuanzia ncha ya kioo kimoja hadi ncha ya kingine. Cha pili ndicho kitakachohitajika kwenye vichochoro vya vijiji.

Uzito ndio unaosahaulika kuliko vyote. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mitungi ya gesi, baiskeli, viti vya kukunja na chakula cha wiki nzima vyote huingia kwenye hesabu. Madereva wa malori wa Afrika Mashariki wanaijua mizani vizuri; mwenye gari-nyumba naye anafaa kupita mizani ya umma gari likiwa limejaa, mara moja tu, ili ajue anasimama wapi. Kwenye kifaa, hata hivyo, ni busara kuandika uzito wa juu ulioidhinishwa kwenye hati za gari, kwa kuwa sheria na tozo nyingi za Ulaya hufuata namba hiyo hata kama siku hiyo gari ni tupu.

Simu, programu au kifaa maalumu

Wengi huanza na simu, na simu ina sifa zake. Google Maps na Waze hazilipiwi, zinaijua foleni dakika ileile inapoanza, na barabara ikifungwa zinapata habari mapema. Tatizo ni kwamba hazina mahali pa kuandika kimo cha gari. Kwao gari-nyumba la tani tatu na nusu ni gari dogo kama mengine. Zinafaa kwa kujua foleni, na kwa kutafuta duka mtu akishaegesha. Kuzikabidhi safari nzima ya gari lenye paa la mita tatu ni kubahatisha.

Ngazi inayofuata ni programu za kulipia. Sygic na CoPilot, kwa mfano, zina matoleo yanayokubali vipimo vya malori na karavani, na ramani zake hupakuliwa zikakaa ndani ya simu, hivyo zinafanya kazi hata bando likiisha. Kwa anayekodi gari kwa wiki moja hili mara nyingi ndilo chaguo la maana, maana gharama yake ni ndogo kuliko ya kifaa kizima. Udhaifu wake ni wa simu yenyewe: kioo kidogo, joto linaloizima ikikaa juani kwenye dashibodi, na simu ya mama inayoingia wakati dereva anatafuta njia ya kutokea.

Kisha vinakuja vifaa maalumu. Garmin huviita Camper barani Ulaya na RV huko Marekani. TomTom inayo GO Camper. Uingereza kuna pia Aguri na Snooper. Hivi huuliza kimo, upana, urefu, uzito na kama gari linavuta tela, na baadhi huonya mapema kuhusu kona kali, mteremko mkubwa au upepo wa pembeni. Huja vikiwa na orodha za kambi, kama zile za ACSI na Campercontact za Uholanzi, ambazo hueleza kambi ina umeme au haina, na maji machafu yanamwagwa wapi.

Mnunuzi ajihadhari na mambo mawili hapa. La kwanza ni kifaa cha gari dogo kilichobandikwa jina la kambi. Ndani yake ni ramani ya kawaida iliyoongezewa orodha ya maeneo ya kulala. Kitampeleka mtu kambini kwa njia ileile ambayo kingempeleka mwenye gari dogo. Jaribio lake ni rahisi: iwashwe menyu ya gari, patafutwe mahali pa kuandika kimo. Pasipokuwepo, kifaa kirudishwe kwenye kabati.

La pili ni kununua kifaa cha lori kwa imani kwamba kinachofaa gari kubwa zaidi kitafaa na hili. Kifaa cha lori hufuata sheria za malori. Barabara nyingi za Ulaya zimekatazwa malori ya mizigo lakini magari-nyumba yanaruhusiwa, na kifaa hicho kitamzungusha mtu kilomita nyingi kukwepa katazo lisilomhusu, au kitakataa kumfikisha kwenye kambi iliyo ndani ya mji mdogo. Vifaa vya gari-nyumba vina kundi lake la gari, na kundi hilo ndilo la kuchagua.

Pale ambapo vipimo havitoshi

Magharibi mwa Scotland kuna barabara inayopanda mlima kwenda kijiji cha Applecross. Inaitwa Bealach na Bà. Ni sehemu ya mzunguko wa kitalii wa North Coast 500, uliozinduliwa 2015 na wenye urefu wa kilomita 830 hivi, ambao huvuta magari-nyumba kila kiangazi. Barabara hiyo huanzia karibu usawa wa bahari, ikapanda hadi mita 626 ndani ya kilomita chache. Upana wake ni wa gari moja, na madereva hupishana kwenye vijipanuzi vilivyochongwa ubavuni. Karibu na kilele kona zinajikunja zenyewe kama herufi S, zikiwa na mwinuko wa mita moja kwa kila tano. Chini, mwanzoni kabisa, kimesimama kibao kikubwa kinachosema haishauriwi kwa madereva wanaojifunza, magari makubwa sana, wala karavani.

Kifaa kinaionaje? Hakuna daraja fupi. Hakuna katazo la kisheria la uzito. Umbali kutoka kwenye kibao hicho hadi Applecross ni chini ya kilomita 20, wakati barabara ya pwani inayopitia Shieldaig ni ndefu mara kadhaa. Kikiwekwa kwenye mpangilio wa njia fupi, hata kifaa chenye vipimo vyote sahihi kinaweza kuichagua, maana kimeulizwa kama gari linatosha, na kimejibu kwamba linatosha. Hakikuulizwa litafanya nini likikutana na gari-nyumba jingine kwenye kona ya tatu, na nyuma yake kuna magari sita.

Kwa sababu hiyo mipangilio ina uzito sawa na vipimo. Njia ya haraka ichaguliwe badala ya njia fupi, kwa kuwa fupi ndiyo inayopenda vichochoro. Barabara zisizo na lami zizimwe. Tahadhari za miteremko na kona ziwashwe. Na jioni kabla ya safari, njia yote itazamwe kwenye ramani kubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kipande kwa kipande. Kifaa kinachoruhusu dereva kuvuta mstari wa njia na kuupitisha anakotaka ni bora kuliko kile kinachotoa njia moja bila kuhojiwa. Waendeshaji wa North Coast 500 wenyewe huwashauri wenye magari-nyumba wazunguke kupitia Shieldaig.

Tozo na sheria zinazobadilika mpakani

Barani Ulaya mtu anaweza kupata kifungua kinywa Ujerumani, chakula cha mchana Austria na cha usiku Italia, na kila mpaka aliouvuka umembadilishia sheria. Namba ya kukumbuka ni kilo 3,500. Chini ya hapo, gari-nyumba nchini Austria hulipia barabara kuu kwa kununua kibali cha muda. Juu ya hapo hulazimika kufunga kifaa kidogo kinachoitwa GO-Box kinachotoza kwa kilomita. Ujerumani gari lililozidi uzito huo halipaswi kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu, hata pale ambapo magari madogo hayana kikomo. Nchini Ufaransa kimo nacho huingia kwenye bei: gari lisilofika mita 3 na lisilozidi kilo 3,500 huhesabiwa daraja la pili kwenye vituo vya tozo, na likifika mita 3 hupanda daraja la tatu. Dishi moja lililoongezwa paani laweza kumgharimu mwenye gari kila kituo.

Maeneo ya hewa safi ni suala jingine. Miji ya Ujerumani ilianza kudai stika za rangi 2008, Ufaransa ina stika za Crit'Air, na London iliutanua ukanda wake wa ULEZ ukafika mitaa yote ya jiji Agosti 2023, ambapo gari la zamani lisilokidhi viwango hutozwa pauni 12.50 kwa siku. Baadhi ya vifaa vipya huonya gari linapokaribia maeneo hayo. Ni sifa inayofaa kuulizwa dukani.

Kisha kamera za mwendo. Watengenezaji wengi hujisifu kwamba kifaa chao kinamwonya dereva. Ufaransa ilipiga marufuku tahadhari zinazotaja mahali kamera ilipo tangu 2012, na vifaa vikabadilishwa vitaje maeneo ya hatari kwa jumla. Nchini Uswisi kubeba tu kifaa chenye orodha ya kamera ni kosa, na Ujerumani dereva haruhusiwi kukitumia akiwa njiani. Kabla ya kuvuka mpaka, tahadhari hizo zizimwe au zifutwe. Na kwa anayetumia simu Uingereza, kuishika mkononi wakati wa kuendesha ni faini ya pauni 200 na pointi sita kwenye leseni. Simu ni lazima ikae kwenye kishikio.

Kilomita ya mwisho

Safari nyingi huharibika zikiwa zimebakiza kilomita moja. Uingereza watu wamezoea kuandika msimbo wa posta, ambao mjini hutaja nyumba chache za mtaa mmoja. Kijijini msimbo uleule huweza kufunika mashamba kadhaa, na kifaa humpeleka mgeni katikati yake, kwenye njia ya trekta isiyo na pa kugeuzia, wakati lango la kambi liko upande wa pili wa kilima. Tatizo la madereva kupotezwa na vifaa lilikuwa kubwa kiasi kwamba Machi 2012 Norman Baker, waziri mdogo wa usafiri wa Uingereza wakati huo, aliwaita pamoja watengeneza ramani na serikali za mitaa kulijadili.

Kambi nyingi sasa hutangaza latitudo na longitudo za lango lake. Hizo ndizo za kutumia, lakini ziandikwe kwa mtindo unaolingana na kifaa. Nyuzi 57.25 kwa desimali si sawa na nyuzi 57 na dakika 25. Ya kwanza ni nyuzi 57 na dakika 15. Tofauti ya dakika kumi za latitudo ni kilomita 18 na nusu, na mtu huyo ataikuta kambi ya watu wengine, au bahari. Kifaa kizuri hukubali mitindo yote miwili na huonyesha wazi ni upi unaotumika.

Kioo, umeme na ramani mpya

Sasa ndipo kioo cha kifaa kinapopata nafasi yake. Ndani ya gari-nyumba kioo cha mbele kiko mbali na dereva kuliko kwenye gari dogo, kwa hiyo inchi 5 huwa ndogo mno. Inchi 7 au 8 zinasomeka bila kuinama. Zaidi ya hapo kifaa huanza kuziba barabara. Sauti iwe ya kutosha kushinda kelele za injini ya dizeli na vyombo vinavyogongana kabatini. Baadhi ya vioo vya mbele vina tabaka la metali la kuzuia joto, ambalo hudhoofisha mawimbi, kwa hiyo ni vizuri kujaribu kifaa mahali kitakapokaa kabla ya kutupa risiti. Norway ina handaki la Lærdal lenye urefu wa kilomita 24.5, lililofunguliwa 2000. Ndani yake hakuna setilaiti inayosikika, na kifaa hukadiria tu mpaka gari litokeze upande wa pili.

Muuzaji aulizwe ramani mpya hutolewa mara ngapi, kwa nchi zipi, na kwa malipo gani. Kifaa cha bei nafuu chenye ramani za bure kwa maisha yake yote hukishinda cha ghali kinachotoza kila mwaka. Na kazi ya kuzipakua ifanyike nyumbani siku kadhaa kabla, maana faili zake ni kubwa na intaneti ya kambini haiaminiki.

Kwa wanaovuka Afrika, hesabu ni nyingine. Magari yanayopita Nairobi, Arusha au Mbeya yakielekea Cape Town mengi ni Land Cruiser zenye hema paani, na kinachoyasumbua ni mito ya msimu na njia za vumbi ambazo ramani za kampuni kubwa hazizijui. Tracks4Africa ya Afrika Kusini iliziba pengo hilo kwa kuunganisha njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe, na ramani zake huingia kwenye vifaa vya Garmin. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mifereji yao kwenye ramani ya OpenStreetMap ili kukabili mafuriko. Programu za simu zinazotumia ramani hiyo bila intaneti, kama OsmAnd na Organic Maps, zinamfaa msafiri wa Afrika Mashariki kuliko kifaa cha kambi kilichotengenezwa kwa ajili ya Ulaya.

Hukumu ya makala haya ni hii. Anayekodi gari-nyumba Ulaya kwa wiki moja au mbili atumie programu ya simu inayokubali vipimo. Anayemiliki gari na kusafiri kila mwaka anunue kifaa maalumu cha inchi 7 au 8 chenye ramani za bure za kudumu. Wote wawili wawe na ramani ya karatasi garini, na kibao cha barabarani kikipingana na kifaa, kifuatwe kibao. Na kabla ya kuwasha injini, kimo cha gari kiandikwe kwenye karatasi, kwa mita na kwa futi, kibandikwe pale macho ya dereva yanapofika bila kugeuza shingo. Kampuni ya kukodisha isipokionyesha, mteja anapaswa kukidai kabla ya kusaini mkataba.

Sehemu ya tatu itahusu umeme wa ndani ya gari-nyumba: betri, paneli za sola na gesi ya kupikia.